Mara nyingi tunapomhukumu mtu, kinachotuuma si dhambi yake bali baraka yake

#1 Mleta uzi

Bwana asifiwe wakuu. Nina jambo nataka tulijadili bila kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa.

Tumefundishwa sana juu ya dhambi ya kuhukumu. Tumefundishwa pia juu ya dhambi ya wivu. Ila kila moja hupewa siku yake na mahubiri yake, kana kwamba hazijuani. Mimi nasema hizi mbili hutembea pamoja, na mara nyingi ya kwanza ni vazi tu la ya pili. Hakuna mtu atakayesimama mbele za watu aseme "jamani, namwonea wivu fulani". Ni aibu. Lakini kusema "fulani siku hizi ana majivuno" au "zile hela sijui anazitoa wapi" hakuna aibu yoyote. Tena unaonekana mtu mwenye uchungu na utakatifu.

Angalieni linavyotokea. Kikundi cha maombi kimekaa. Dada mmoja anasimama kushuhudia kwamba amepata kazi aliyoiombea muda mrefu, na mchumba naye amejitokeza. Makofi yanapigwa, watu wanaitikia amina. Kuna mmoja amepiga makofi mawili matatu, kisha akainama kutafuta kitu kwenye mkoba, na anakitafuta mpaka ushuhuda umalizike. Jioni anampigia mwenzake simu. Anaanzia mbali: "Ule ushuhuda umeuonaje?" Mwenzake anasema umembariki. "Kweli kabisa, tumshukuru Mungu. Ila tumwombee, maana kazi za siku hizi nazo, na yule mchumba ametokea haraka haraka..." Hapo hakuna tusi, wala hakuna uongo hata mmoja. Simu inakatwa, dada wa watu ameshatiwa doa, na aliyemtia doa analala akijihesabu mwombaji.

Sasa nendeni Luka 15, kwa yule kaka mkubwa wa mfano wa mwana mpotevu. Tunapenda kumhubiri mdogo wake kwa sababu safari yake ina vituko vingi, lakini wasikilizaji wa kwanza wa mfano ule walikuwa Mafarisayo na waandishi waliokuwa wakinung'unika kwamba Yesu anakula na wenye dhambi. Kaka mkubwa ndiye aliyewekwa kwa ajili yao. Anatoka shambani, anasikia nyimbo na machezo, haingii. Anamwita mtumishi amuulize kuna nini. Mtumishi anamwambia mambo mawili tu: ndugu yako amerudi mzima, na baba amemchinjia ndama aliyenona. Basi. Mdogo wake hata hajaonana naye.

Halafu sikilizeni anavyomjibu baba yake, na mwangalie mpangilio. Kitu cha kwanza ni miaka yake ya utumishi. Cha pili: "hujanipa mimi mwana-mbuzi, nifanye furaha na rafiki zangu." Cha tatu ndiyo makahaba. Yaani mbuzi alitangulia! Kama kilichomuuma kingekuwa uchafu wa mdogo wake, angeanza na uchafu. Alianza na mbuzi kwa sababu kidonda kilikuwa hapo, na dhambi za mdogo wake zikaja kama ushahidi wa kuitilia nguvu kesi yake. Tena hamwiti ndugu yangu, anasema "huyu mwana wako". Baba anamrudishia taratibu: "huyu ndugu yako alikuwa amekufa, naye amefufuka."

Mathayo 20 inakazia jambo hilo hilo. Vibarua wa asubuhi walipatana dinari moja, na dinari moja wakapewa. Hakuna aliyepunjwa. Manung'uniko yalianza walipoona wa saa kumi na moja wamepewa sawa na wao. Mwenye shamba angeweza kuwalipa wa asubuhi kwanza, wakaenda zao wakiimba. Lakini aliagiza waanze wa mwisho, ili wa kwanza wasimame pale wakiona. Kisha akauliza swali ambalo sijawahi kulisoma bila kujikuna kichwa: "Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?" Ukiwasikiliza vibarua wale utadhani wanatetea haki. Mwenye shamba aliangalia macho yao.

Dawa yake ni nini? Wengi watasema unyenyekevu, na sipingi. Lakini Thomas Aquinas, mwalimu wa kanisa wa karne ya 13, alifundisha jambo ambalo kwangu lilifungua mlango. Alisema husuda ni huzuni, nayo rehema ni huzuni pia. Mwenye husuda anahuzunika kwa mema aliyoyapata mwenzake, na mwenye rehema anahuzunika kwa mabaya yaliyompata mwenzake. Ni moyo ule ule unaoguswa na habari za jirani, ila mmoja umegeuzwa nyuma mbele. Kwa hiyo hasidi si mtu asiye na hisia, hisia anazo tele. Kazi ya neema ni kuzigeuza zielekee upande mwingine.

Ndiyo maana Paulo anaziweka pamoja katika Warumi 12:15: "Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao." Yohane Krisostomo, aliyekuwa askofu wa Konstantinopoli, alipoufafanua mstari huo alisema ngumu kati ya hizo mbili ni ya kwanza. Kulia na aliaye hata maumbile yanakusukuma. Kufurahi na aliyefanikiwa kunahitaji roho iliyokwisha kushinda wivu. Fikirini wenyewe: kwenye msiba wa jirani tunajaa. Akipandishwa cheo, wangapi wanakwenda kumpongeza?

Na rehema haianzi kwa kumtazama yule mwingine, inaanzia kwenye deni lako. Mathayo 18 ina hesabu ambayo wasikilizaji wa Yesu waliielewa papo hapo. Dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Mtumwa mmoja alidaiwa na mfalme wake talanta 10,000, yaani ujira wa siku 60,000,000. Afanye kazi kila siku bila kupumzika hata Sabato, ni zaidi ya miaka 160,000. Akasamehewa. Akatoka, akamkaba koo mwenzake aliyekuwa anadaiwa dinari 100. Naomba msiidharau hiyo 100, ni jasho la zaidi ya miezi mitatu, ni deni la kweli. Yesu hakusema ndugu yako hajakukosa. Amekukosa, na inauma. Ila mkabaji ametoka wapi sasa hivi?

Naomba kuwasilisha. Karibuni mnikosoe.

#2 Mpita Njia

Nyani haoni kundule. Huyo wa "tumwombee" namfahamu, yupo kila kikundi na sauti yake ni ya upole kuliko wote.

#3 Upanga Mkali

Mtumishi, umeandika vizuri lakini sikubaliani na wewe. Hizi ndizo mada zinazolea dhambi. Siku hizi ukimwambia mtu ukweli anakutupia "msihukumu msije mkahukumiwa", na sasa umempa silaha ya pili: "una wivu". Paulo katika 1 Wakorintho 5 aliamuru yule mzinzi aondolewe. Yohana Mbatizaji alimkemea Herode kwa kumchukua mke wa ndugu yake. Nao walikuwa na wivu? Uzi huu utakuwa ngao ya kila mwizi aliyejificha nyuma ya mimbari.

#4 Mleta uzi

Mkuu Upanga, hoja yako ina uzito na sitaikwepa.

Kwanza tusome mpaka mwisho. Mathayo 7:5 haisemi kiache kibanzi jichoni mwa ndugu yako. Inasema itoe kwanza boriti, "ndipo utakapoona vema kukitoa kibanzi". Kibanzi kinatakiwa kitoke, maana kinamuumiza. Na sura hiyo hiyo inatuambia tujihadhari na manabii wa uongo, tuwatambue kwa matunda yao. Yohana 7:24 nayo inasema tusihukumu hukumu ya macho tu, bali tuifanye hukumu iliyo ya haki. Kupambanua ni wajibu. Mwizi wa sadaka asimamishwe, vitabu vikaguliwe, na kama ni suala la sheria lipelekwe kwenye sheria. Kumrehemu si kumkabidhi tena ufunguo wa sanduku.

Lakini huyo Yohana uliyemtaja ananisaidia mimi. Alimwambia Herode mwenyewe, "si halali kwako". Hakumwambia jirani wa Herode. Ndiyo Mathayo 18:15, "wewe na yeye peke yenu". Hapo ndipo kipimo changu kilipo: ukiona umewaambia watu watano na mwenyewe hujamgusa, hilo si karipio, ni kitu kingine. Pia ni Yohana yule yule ambaye wanafunzi wake walimjia wakilalamika kwamba watu wote sasa wanamwendea Yesu. Umati wake ulikuwa unapungua mbele ya macho yake. Akajibu, "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua." Mtu wa namna hiyo akikukemea, msikilize, hana anachokigombania.

Na 1 Wakorintho 5 usiiache peke yake. Fungua 2 Wakorintho 2. Paulo anasema adhabu aliyopewa mtu fulani na wengi imetosha, sasa wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni kupita kiasi, na wamhakikishie upendo wao. Wapo wanaosema ni mtu yule yule, wapo wanaokataa. Vyovyote iwavyo, adhabu ya Paulo ilikuwa na mwisho. Zetu je? Kuna watu walikosa ujanani na mpaka leo wakitajwa lazima lile kosa lao litajwe kwanza.

#5 Chumvi Kidogo

Naongezea hapo kwa Upanga. Kuna habari za Abba Musa, yule aliyekuwa mnyang'anyi kabla ya kuwa mtawa katika jangwa la Sketi, Misri, karne ya 4. Ndugu mmoja alikosa, wazee wakakusanyika kumjadili, wakamwita Musa. Akakataa kwenda. Wakamtumia mtu mara nyingine. Akainuka, akachukua mtungi uliotoboka, akaujaza maji, akaubeba mgongoni na kwenda nao. Walipotoka kumlaki wakaona maji yanachuruzika njia nzima, wakauliza ni nini hiki baba. Akawajibu kwamba dhambi zake zinachuruzika nyuma yake naye hazioni, halafu leo anakuja kuhukumu kosa la mwingine. Wakamsamehe yule ndugu.

Angalia kwamba hakuwatolea hotuba. Wala hakuwaambia "nanyi mna dhambi zenu", jambo ambalo mimi na wewe tungelisema mara moja. Alizibeba zake.

Waorthodoksi nao wana sala ya Kwaresima inayotajwa kuwa ya Efrem wa Siria, na mwishoni waombaji huomba wajaliwe kuyaona makosa yao wenyewe na wasimhukumu ndugu. Inarudiwa Kwaresima nzima. Nadhani waliotuwekea utaratibu huo walijua kuomba mara moja hakutoshi.

#6 Upanga Mkali

Sawa Chumvi, hapo nimekuelewa. Ila uzingatie Musa hakusema yule ndugu hakukosa.

#7 Chumvi Kidogo

Hakusema. Tuko pamoja.

#8 Asubuhi Itakuja

Shalom wapendwa. Huwa nasoma tu humu, leo imebidi niandike.

Nimeolewa miaka mingi, sina mtoto. Wote niliokuwa nao kwaya wameshazaa, wengine wa tatu. Nikiona picha ya mtoto mchanga mtandaoni naifunga simu naiweka chini kifudifudi. Nimeacha kwenda kwenye sherehe za watoto. Mwezi uliopita dada mmoja tunayesali naye aliniambia nina roho ya wivu, na ndiyo maana tumbo limefungwa, eti nitubu Mungu atanifungulia. Nimeomba, nimefunga, nimetubu hata nisivyovijua. Naomba mniambie ukweli, mimi ni hasidi?

#9 Mleta uzi

Dada yangu, pole sana.

Jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa nini. Aliyekuambia hivyo ametoa hukumu kwa macho, na amejifanya msemaji wa Mungu kwenye jambo ambalo Mungu hakumtuma. Biblia ina mwanamke aliyefanyiwa hivyo hivyo. Anaitwa Hana, naye hakuwa na mtoto. Alikuwa akiomba pale hekaluni, midomo inacheza, sauti haisikiki. Eli, kuhani, mtu mzima katika utumishi, akamwangalia akadhani amelewa, akamwambia aiondoe divai yake. Alikuwa na uchungu wa miaka, akaitwa mlevi. Hana akamjibu kwa heshima kwamba hajalewa, ana huzuni rohoni. Na Eli, hapa nampa haki yake, alibadilika pale pale. Akamwambia aende kwa amani na kumwombea ajibiwe. Mstari unaofuata unasema uso wake haukukunjamana tena. Soma vizuri uone: mimba bado. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliyemhukumu amesimama upande wake.

Sasa tofauti ya uchungu na husuda. Mwenye uchungu anasema "Bwana, na mimi nikumbuke". Hasidi anasema "bora na yeye akose". Jiulize kama unatamani mtoto wa rafiki yako asingekuwepo. Kama jibu ni hapana, basi wewe una jeraha, na jeraha likiguswa mtu hushtuka. Kuifunga simu si dhambi.

Nitakuwa mkweli pia kwamba uchungu ukikaa muda mrefu bila kusemwa unaweza kuchacha. Raheli alifika hapo, Mwanzo 30 inasema alimhusudu ndugu yake Lea, aliyekuwa mke mwenzake. Na cha kushangaza, Lea aliyekuwa na watoto alikuwa akilia kwa kukosa mapenzi ya mume, ambayo Raheli alikuwa nayo. Kila mmoja alikuwa akiitazama sahani ya mwenzake. Kama wangekaa chini wakaambiana, sijui historia ingekuwaje. Ndiyo maana nimefurahi umeandika.

#10 Mama Mchungaji Mstaafu

Mwanangu Asubuhi, mimi nilikaa hivyo hivyo kabla sijapata wangu wa kwanza, na nimekaa na wanawake wengi wasiopata kabisa. Usijilazimishe kwenda kila sherehe. Kuna siku utaweza, kuna siku hutaweza. Siku usiyoweza, tuma ujumbe mfupi wa kumpongeza, kisha lala. Rafiki wa kweli hatahesabu ulikuja mara ngapi.

Tafuta mmoja tu kati ya hao rafiki zako, yule mwenye moyo, umwambie kama ulivyotuambia sisi. Wengi wanakuona umejitenga hawajui kwa nini, nao wanajiuliza wamekukosea nini.

Na yule dada wa "tumbo limefungwa" usimjibu. Ila ukimwona anamwambia mwingine hivyo, hapo usinyamaze.

#11 Kijana wa Leo

Wakuu, na wivu wa maendeleo je? Mimi rafiki yangu akinunua kitu roho inaniwaka, naamka alfajiri kutafuta. Si mbaya, au?

#12 Mleta uzi

Kama unaamka alfajiri na bado unafurahi kwamba anacho, endelea. Waebrania 10:24 inataka tuhimizane katika upendo na kazi nzuri. Kama siku akipata hasara unalala usingizi mtamu kuliko kawaida, hayo si maendeleo tena.

#13 Mbarikiwa Daima

Nyie mnaongea kama vile mahasidi ni wachache. Mimi tangu Mungu anifungulie milango ndugu wote wamenigeuka. Salamu hawatoi, wakinikuta wananyamaza. Hasidi hana sababu. Kila usiku nasimama kwenye maombi Mungu awapige mmoja mmoja, na sitaacha. Yusufu naye walimchukia bure.

#14 Chumvi Kidogo

Mkuu, nakuuliza kwa upendo. Umejuaje wanachowaza? Kunyamaza kwao kunaweza kuwa wivu, ndiyo. Kunaweza pia kuwa aibu, kwamba wana shida na wanaogopa utadhani wamekuja kuomba. Au ulisema neno siku moja likawachoma, na wewe umelisahau. Kumwita kila asiyechangamka "hasidi" ni kuingia moyoni mwa mtu na kumtolea hukumu akiwa hayupo, ndicho kile kile uzi huu unachokisema.

Lakini tuseme ni kweli, wana husuda. Kwa Yusufu ilikuwa kweli kabisa, walimvua kanzu yake, wakamtumbukiza shimoni, wakamuuza kwa vipande 20 vya fedha. Je, uliwahi kumsikia akiomba Mungu awapige? Alipopata madaraka ya kuwaumiza aliwapa nafaka. Alitumia akili, hilo nakubali. Hakujitambulisha siku ya kwanza, aliwapima mpaka akamwona Yuda yuko tayari kubaki mtumwa badala ya Benyamini. Rehema haimkatazi mtu kuwa makini. Mwishoni baba yao alipofariki wakaogopa kwamba sasa atalipiza, naye akawajibu: "Msiogope, je! Mimi ni badala ya Mungu?" Mtu wa pili kwa cheo katika Misri nzima, na kiti hicho alikiona si chake.

Na Bwana mwenyewe, Marko anasema Pilato alitambua ya kuwa wakuu wa makuhani walimtoa kwa husuda. Hata mpagani aliona. Yesu naye aliona. Ombi lake msalabani unalijua.

#15 Mbarikiwa Daima

Mh. Hapo kwenye neno lililowachoma, nitafikiri. Sijasema nimekubali.

#16 Niliyetoka

Mimi niliacha kanisa kwa ajili ya haya haya. Kulikuwa na habari juu yangu, nusu ya kweli, nusu ya kuungwa. Watu walihama benchi. Hakuna hata mmoja aliyekuja nyumbani kuniuliza. Mnayoandika ni mazuri sana lakini mbona hayaonekani?

#17 Mleta uzi

Ndugu, sina utetezi wa kuwatolea hao watu. Sitakuambia pia kwamba "usiangalie watu mwangalie Yesu", maana wao ndio waliotakiwa kukuonyesha Yesu. Wangekuja kukuuliza. Ukitaka kuongea nje ya uzi huu, ujumbe wa faragha uko wazi, na si lazima tuzungumzie kanisa.

#18 Mwalimu wa Jumapili

Swali la utendaji. Tumeshaelewa, sasa mtu aliyegundua ana wivu na mtu fulani afanyeje? Amfuate amwambie "nilikuwa nakuonea wivu, nisamehe"? Nimeona watu wakifanya hivyo kanisani na mambo yakawa mabaya zaidi.

#19 Mleta uzi

Swali zuri, na jibu langu wengine hawatalipenda.

Kama wivu ulibaki moyoni, usimpelekee. Mwambie Mungu, mwambie mchungaji au padri wako, au mzee wa imani unayemwamini. Yule ndugu alikuwa amelala vizuri, wewe unakwenda kumtwisha mzigo wako ili ulale wewe. Kuanzia siku hiyo kila ukimpongeza atakuwa anakuchunguza usoni. Hapo hujampenda, umejitua mzigo tu.

Kinachofanya kazi ni kumwombea kwa jina, na kumwombea aongezewe kile kile kinachokuuma. Si "Mungu mbariki fulani" ya juu juu. Kama ni kazi yake, omba adumu ndani yake na apande. Kama ni sauti yake ya kuimba, omba Bwana aitumie zaidi. Siku za mwanzo utajiona mnafiki, maneno yatakuwa yanakwama kooni, usiache kwa sababu hiyo. Yesu alisema waombeeni wanaowaudhi, hakusema ngojeni mpaka mjisikie. Halafu mtumikie kwa jambo dogo asilojua limetoka wapi. Ni vigumu kuendelea kumchukia mtu ambaye unatumia nguvu zako ili mema yampate.

Lakini kama wivu ulitoka mdomoni, hapo habari ni tofauti. Sala peke yake haitoshi. Rudi kwa wale uliowaambia, si kwa jumla, mmoja mmoja, uwaambie kwamba ulichosema juu ya fulani hukuwa na haki ya kukisema, na kwamba ulisema kwa sababu roho yako ilikuwa inauma. Hii ndiyo ngumu, kwa sababu unajishusha mbele ya watu waliokuona mtakatifu. Jina lake liliharibika masikioni mwao, kwa hiyo litengenezee huko huko.

#20 Mwalimu wa Jumapili

Na kama yale maneno yameshamfikia mwenyewe?

#21 Mleta uzi

Basi yeye ndiye wa kwanza kufuatwa, kabla ya hao wengine. Ukishindwa ana kwa ana, andika. Ujumbe wa mistari michache unatosha, utaje kitu chenyewe ulichosema na uliyemwambia, usiulize kama amesamehe, na usianze na "kama nilikukosea".